Nyumba ya Marehemu kwa Jina Langu

Jumamosi iliyopita gazeti liliniacha mlangoni mwa marehemu, mkono mfukoni, na lori la Philippe likinguruma nje. Wapo waliokosa sehemu hiyo kwa sababu muuza karanga aliliwahi gazeti kabla yao. Hao nitawaweka sawa haraka, maana aibu yangu ni ndefu kuliko ukurasa huu.

Mimi ni Constantin. Mwaka wa sabini nilikuwa mtetezi wa mahakama ndogo pale Likasi. Sikuwa avoka, wakili kamili mwenye joho, lakini watu waliniita Maître, na mimi si mtu wa kumkatiza mwenzangu anaponiheshimu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwapangia wastaafu wa kampuni ya madini mali zao kabla hawajafa, ili wakishakufa ndugu wasitoane macho. Nilikuwa na meza, mashine ya kuchapa, na mdomo. Mdomo ndio uliokuwa mzima kuliko vyote.

Mzee Germain alikuwa mteja wangu. Miaka thelathini alitumikia matanuru ya kampuni, akapata lupango yake, yaani kiwanja chake, mtaa wa Kikula, akajenga nyumba ya vyumba vitano na ua wa matofali. Alikuwa na mke mmoja, Mama Albertine. Mtoto hawakujaliwa.

Tatizo lake lilikuwa na jina: Philippe, mtoto wa dada yake. Kwa watu wa kabila lake, mali ya mwanaume haiendi kwa mke. Inakwenda kwa mpwa. Mjomba akifumba macho, mpwa anafumbua yake, na mjane anarudi kwao na kitenge alichovaa.

"Niandikie wosia," Mzee Germain aliniomba.

Nikamwambia ukweli. Niliwahi kumwandikia mteja mwingine wosia wenye mihuri mitatu. Wajomba wakausoma kilioni, wakausifu mwandiko, kisha wakaufungia tumbaku.

"Sasa tufanye nini?"

"Mzee, mtu asiye na nyumba, mpwa wake atarithi nini?"

Hapo ndipo ujanja wangu ulipozaliwa. Mwezi wa tatu, Mzee Germain "akaniuzia" nyumba. Sikutoa hata senti. Tulikwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, karani akafuta jina lake kwenye daftari na kwenye kitabu kidogo cha lupango, akaandika langu, akanikabidhi kitabu. Mbele ya watu, nyumba ikawa yangu. Moyoni, nilikuwa nimemshikia Mama Albertine tu, kama mtu anavyomshikia jirani sufuria wakati yeye amekwenda msalani.

Tukaapa sisi watatu kwamba siri haitatoka. Hata mke wangu asijue.

Mwezi wa saba Mzee Germain akafa. Siku moja baada ya maziko, Philippe akaja na lori. Hapo ndipo tulipoishia.

*

Philippe alikuwa karani kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Alivaa viatu vyeupe, sijui kwa mapenzi au kwa vumbi. Aliingia na vijana wanne wa ukoo, akanyoosha kiganja mbele ya mjane.

"Mama Albertine, funguo."

"Funguo iko na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba tunamuzika jana."

"Apana. Mwenye nyumba njo huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

Nikakitoa kile kitabu cha lupango mfukoni polepole, kama padri anayetoa kitu kitakatifu. Naungama, nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile namna ya kukitoa, mbele ya kioo.

Philippe akakisoma. Akakigeuza, akasoma jalada la nyuma ambalo halikuwa na kitu.

"Constantin? Weye? Tangu mwezi wa tatu?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Na mujomba wangu hakuniambia?"

"Labda alisahau. Alikuwa mgonjwa."

Nilitegemea matusi, labda na kofi moja. Badala yake Philippe alicheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa.

"Félicitations, Maître! Muntu wa kwetu kupata nyumba ya byumba tano, ni heshima ya sisi bote!"

Kisha akawageukia vijana wake. Wakabeba vitanda, meza, viti, redio, cherehani, mpaka vifuniko vya sufuria. Sufuria zenyewe walikuwa wamezibeba asubuhi. Nyumba ikabaki tupu, lakini nyumba ikabaki.

Mama Albertine akakaa chini kwenye sakafu, akalia. Kisha akaniangalia, akatabasamu huku machozi yanaendelea.

"Maître, Germain angekuwa hapa angekupikia kuku."

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Ningejua kwa nini Philippe alicheka, ningerudi natambaa.

*

Wiki tatu zikapita. Siku moja mchana nikarudi nyumbani kula. Wakati ule tulipanga vyumba viwili karibu na soko, mimi, mke wangu Alphonsine, na watoto watatu. Mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha vitanda kutoka kona hadi kona kama watu wanaocheza dama.

Mezani hapakuwa na bukari, ugali wetu wa kila siku. Palikuwa na karatasi moja.

"Georges wa komini alipita," Alphonsine akasema. Georges alikuwa tarishi, alipeleka karatasi za kodi nyumba hadi nyumba. "Anasema ulipe kodi ya lupango."

"Lupango gani?"

"Njo vile na minye nilimuuliza. Nikamwambia, Georges, unapotea, sisi tuko bapangaji. Akaniambia, apana Mama, bwana yako iko na lupango, byumba tano, iko na ua ya matofali."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimefikiria kila kitu. Nilifikiria mpwa, nilifikiria mahakama, nilifikiria mihuri. Mimi ambaye nilikuwa nawaonya wateja kila siku kwamba kodi inamfuata mtu kuliko kivuli, sikufikiria kwamba jina langu likiingia kwenye daftari la komini, Georges naye ataingia nyumbani kwangu.

"Ni siri ya kazi," nikasema.

"Siri ya kazi?"

"Ndiyo. Siwezi kuieleza."

Alphonsine akakunja mikono. "Siri ya kazi iko na byumba tano?"

"Alphonsine..."

"Iko na ua ya matofali?"

"Nisikilize..."

"Miaka kumi na moja minye nalala kando ya ndoo, mvua inaanguka mu ndoo, ndoo inajaa, ninamwaga, inajaa tena. Na siri ya kazi inalala mu nyumba ya byumba tano! Muke gani uliweka mule?"

Hapo nikafanya kosa la mtu aliyezoea kusema ukweli nusu mahakamani.

"Hakuna mwanamke," nikasema. "Yaani, yuko, lakini si mwanamke kwa maana hiyo."

Siku tatu sikula bukari nyumbani kwangu. Nilikula vitumbua barabarani, na wateja walipita wakinisalimu: "Bonjour, Maître!" Nami nikajibu mdomo umejaa.

Siku ya nne nikavunja kiapo. Nilimwambia mke wangu kila kitu, toka Mzee Germain mpaka Philippe. Nilimwambia kwa sauti ya chini, nimepiga magoti, mkono kifuani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Kila mwanaume wa hii muji iko na mama muzee mwenye anasaidia."

"Ni kweli tupu, Alphonsine! Ana miaka hamsini na kitu!"

"Bongo. Unanidanganya."

"Nenda ukamuone!"

"Nitaenda," akasema. "Siku yenye nitapenda minye. Si siku yenye weye utakuwa umemupanga."

Usiku huo nililala kando ya ndoo.

*

Sasa nije kwa Angèle, maana yeye alikuwepo nilipopata pigo la pili, baada ya lile la Georges.

Angèle alikuwa muuguzi mstaafu aliyekuja ofisini kwangu kila Ijumaa kubadilisha wosia. Ijumaa moja cherehani yake inakwenda kwa mtoto wa kwanza, Ijumaa inayofuata mtoto huyo amemjibu vibaya, cherehani inahamia kwa wa pili. Ilikuwa cherehani iliyosafiri sana bila kutoka nyumbani.

Tulikuwa katikati ya cherehani mlango uliposukumwa. Harufu ya samaki wa moshi iliingia kwanza. Nyuma yake akaingia Mjomba Casimir, kaka wa mama yangu, kutoka kijiji cha wavuvi pale Tshangalele. Nyuma yake mkewe. Nyuma ya mkewe watoto watano wamejipanga kwa kimo, na kila mmoja amebeba kitu. Wa mwisho alibeba nyavu.

"Mupwa wangu!"

"Mjomba! Karibu! Kuna msiba?"

"Msiba gani? Tunakuya kwetu!"

"Kwetu wapi?"

"Kwetu mu Kikula! Ile nyumba! Kijana moja muzuri sana alikuya kutuambia. Philippe, karani wa Kakontwe. Alipanda mpaka kwetu ku Tshangalele, akaniambia, Mjomba, mupwa wako alinunua nyumba kubwa, byumba tano, na anaona haya kukuambia. Nikasema, Constantin? Haya? Kwa minye mwenye nilimulipia masomo?"

Ni kweli, alinilipia masomo. Samaki wa Tshangalele ndio walionifundisha kusoma sheria.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipoona shimo nililolichimba. Mimi na Mzee Germain ni kabila moja. Mali yangu mimi si yangu peke yangu, ni ya ukoo wa mama yangu, na mkubwa wa ukoo huo alikuwa amesimama mbele yangu na familia yake yote, ananuka moshi, ana furaha mpaka machozi. Nilikuwa nimehangaika kuificha nyumba ya mtu isionwe na mpwa wake, nikasahau kabisa kwamba na mimi ni mpwa wa mtu.

Philippe hakusahau. Ndiyo maana alicheka.

Ningeweza kumvuta mjomba pembeni na kumwambia kwamba nyumba si yangu. Lakini Mjomba Casimir hajui kunong'ona. Anaongea kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya ziwa. Ningemwambia saa nne, saa tano Philippe angekuwa mahakamani anasema: mnaona, mauzo yalikuwa ya uongo, nyumba ni ya mjomba wangu, na mali ya mjomba wangu ni yangu.

"Twende," akasema Mjomba. "Utuonyeshe."

Angèle akainuka, akachukua karatasi ya wosia wake mezani, akaikunja akaitia kwenye mkoba.

"Maître, tuache kwanza. Minye nitangoja. Nione weye unapanga yako namna gani."

*

Tulifika Kikula kama maandamano ya chama, zilikosekana ngoma tu. Majirani wakatoka milangoni. Suzanne wa nyumba ya pili, ambaye macho yake hayajawahi kupitwa na kitu, akaacha nguo zake ndani ya maji akatufuata mpaka dirishani.

Mama Albertine alikuwa ndani, anapembua maharage kwenye ungo. Hakuwa peke yake. Philippe alikwisha fika. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la mbao, na kando yake ameweka kiti. Kilikuwa kiti cha Mzee Germain, kile kile alichokipakia kwenye lori.

"Mjomba Casimir! Nakuletea kiti. Muzee hawezi kukaa chini mu nyumba yake."

Mjomba akakaa, chini ya picha ya Rais ambayo vijana wa lori waliogopa kuing'oa. Akatazama dari. Akatazama sakafu. Akainuka, akazunguka vyumba vyote vitano, anagonga kuta kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. Akarudi.

"Nyumba ni muzuri," akasema. "Kile chumba cha mbele ni cha minye na bibi yangu. Kile cha pili, batoto. Cha tatu, nyavu. Cha ine, weye mupwa wangu, ukiwa na mugeni. Na kile cha nyuma ni cha Philippe, vile tulisikilizana ku Tshangalele, juu ya kutuonyesha njia."

Philippe akainamisha macho kwa adabu, akaanza kusafisha kucha zake.

Nikaelewa. Nyumba iliyomtoa kwa mlango wa mbele, alikuwa anaingia kwa chumba cha nyuma. Leo chumba kimoja. Mjomba akichoka na mji akirudi ziwani, viwili. Mwaka ukiisha, vitano. Na karatasi zangu zote, na mazoezi yangu mbele ya kioo, yangekuwa yamesaidia kumchelewesha tu.

"Na huyu mama?" Mjomba akauliza.

Nikawahi kujibu. "Ni... ni mpangaji, Mjomba."

"Mupangaji anahama."

"Mjomba, amefiwa juzi tu..."

"Pole, mama," Mjomba akamwambia Albertine, na alimaanisha, maana si mtu mbaya. Kisha akanigeukia. "Constantin, minye si munyama. Ingekuwa mule mu nyumba mwenye kukaa ni bibi yako, ningelala inje na nyavu zangu, na singesema kintu. Mjomba hawezi kutosha bibi ya mupwa wake mu nyumba, kumutupa inje, na mupwa iko muzima. Ile ni haya kubwa. Lakini bibi yako anakaa kule ku soko. Huyu si bibi yako, si dada yako, si mama yako. Ni wa nani?"

Nikatazama dari. Mimi, Maître, mdomo mzima, nikalitafuta jibu huko juu.

Philippe akalipata. Alikuwa na haraka ya kumaliza, na haraka ndiyo iliyomponza.

"Wa hakuna muntu!" akasema, akasimama. "Alikuwa bibi ya mujomba wangu, ni kweli. Lakini minye njo mwenye ninabakia mu nafasi ya marehemu, na minye ninamuacha. Sisi bantu ya marehemu tunamaliza naye. Hatuna na neno naye tena. Aende kwenye anapenda!"

Ungo wa maharage ukaacha kutikisika.

"Rudilia, Philippe," Mama Albertine akasema.

"Nini?"

"Rudilia vile unasema. Masikio yangu inazeeka."

"Nasema tunakuacha. Uko huru. Enda kwenye unapenda, na kwa mwenye unapenda!"

"Mjomba Casimir, unasikia?"

"Ninasikia," akasema Mjomba.

"Na bengine banasikia?"

"Tunasikia!" Suzanne akaitika dirishani, na nyuma yake sauti zaidi ya kumi. Sikujua kwamba ua ulikuwa umejaa.

Mama Albertine akauweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. Akainuka, magoti yakalia, akavuka chumba akaja kusimama kando yangu, karibu mpaka bega lake likagusa mkono wangu.

"Basi Mjomba, karibu," akasema. "Utusamehe, hatuna na bintu ya kukukaribisha. Uniulize tena minye ni wa nani. Minye ni wa huyu. Minye ni bibi ya Constantin."

Suzanne akaingiza kichwa kizima dirishani.

Philippe akanyoosha kidole, akakirudisha. Alitaka kusema haiwezekani. Lakini angesemaje? Kwa desturi yetu mjane ni wa ukoo wa marehemu mpaka ukoo umwachie mbele ya watu, na akishaachiwa anaweza kuolewa siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe, dakika ile ile, mbele ya mtaa mzima, ndiye aliyemfungulia mlango.

Mjomba Casimir alimtazama Mama Albertine kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka nyufa za miguuni. Kisha akanitazama mimi. Kisha akamtazama tena yeye.

"Weye?" akaniuliza. "Na huyu?"

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Niligeuka kumwangalia. Yeye hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mbele, uso mkavu, lakini bega lile lililonigusa lilikuwa limeniegemea kwa uzito wake wote. Hakuwa anacheza. Alikuwa mwanamke aliyepiga hatua moja juu ya maji, anangoja kujua kama mimi ni jiwe au ni povu.

Nikikataa, alasiri ile angekuwa barabarani na ungo wake. Nikisema ukweli kuhusu zile karatasi, nyumba inarudi kwa marehemu, na kutoka kwa marehemu inaangukia viatu vyeupe vya Philippe. Nilimwahidi Mzee Germain, mkono wangu ndani ya mkono wake, kwamba huyu mwanamke hatalala nje. Sikumwahidi ningefanya nini nikiulizwa hivi.

Na hapo, mlangoni, nikamwona Alphonsine.

Siku yake ya kupenda ilikuwa imefika. Alikuwa na beseni la unga kichwani na samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. Baadaye niliambiwa kwamba asubuhi ile aliuliza habari za Mama Albertine kwa wanawake wa kanisani, wakamwambia ni mjane wa kweli, mama wa kusali, ameporwa hata vijiko. Kwa hiyo mke wangu aliniamini. Alikuja na unga kumpa pole yule mama, na kuniomba radhi mimi.

Alikuwa amesimama pale kwa muda gani, sikujua. Nilijua tu kwamba ule uso wa kuomba radhi ulikuwa unamtoka taratibu, na kilichokuwa kinaingia mahali pake sikukitambua, na nimekaa naye miaka kumi na moja.

"Constantin," Mjomba akasema. "Nakuuliza minye mwenye nilikulea. Huyu mama ni bibi yako? Ni kweli, ao ni bongo?"

Nilitaka kumtazama Alphonsine nimwambie kwa macho. Lakini Philippe alikuwa ananitazama macho yangu yanakwenda wapi.

"Ni kweli, Mjomba," nikasema. "Ni bibi yangu."

Mama Albertine akavuta pumzi iliyokuwa imemkwama tangu siku ya maziko. Nje, Suzanne akasema "Yesu Maria!" kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Alphonsine akashusha beseni. Alilishusha polepole, hakumwaga hata vumbi la unga. Akavua kandambili, akaingia ndani ya nyumba. Akampita Philippe. Akampita Mjomba, akamwinamia kwa heshima kama inavyotakiwa. Akaja kusimama upande wangu wa pili, na nikawa katikati yao.

"Muzuri," akasema, na mpaka leo sijui ile sauti ilikuwa ya hasira au ya akili. "Mjomba alisema mwenyewe, bibi ya mupwa wake hatoshwi mu nyumba. Basi, Constantin, niambie mbele ya hawa bantu bote. Bibi wa kwanza analala mu chumba gani?"